Analinganishwa na Nani? Hotuba kuhusu Kupima Utendaji wa Akili kwa Watu wa Makundi Tofauti

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, madaktari na wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii, na ninyi wanafunzi mliojaa kule nyuma: nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima utendaji wa akili kwa watu wa makundi tofauti. Naomba niingie moja kwa moja kwenye takwimu tatu ambazo kila aliyewahi kushika karatasi ya kipimo anapaswa kuzijua kwa kichwa.

Kipimo cha MMSE, kile kifupi cha kuangalia kumbukumbu na utendaji wa akili, mnakifahamu. Kilitungwa mwaka 1975 na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh, na hadi leo kinatumika karibu kila mahali. Jumla yake ni alama 30. Mtu anaulizwa tarehe na mahali alipo, anatajiwa vitu vitatu avikumbuke, anatoa saba kutoka mia, kisha saba tena na tena, anaandika sentensi, ananakili pembetano mbili zilizoingiliana. Kwa miaka mingi aliyepata chini ya 24 amekuwa akitiliwa shaka kwamba akili yake imeanza kudhoofu. Sasa, mwaka 1993 jarida la tiba la JAMA lilichapisha matokeo ya kipimo hicho kwa watu wazima zaidi ya 18,000 wa Marekani. Hawa hawakuwa wagonjwa waliokusanywa hospitalini. Walikuwa watu wa kawaida katika jamii. Waliosoma miaka tisa au zaidi, alama yao ya katikati ilikuwa 29. Waliosoma miaka mitano hadi minane, 26. Waliosoma miaka minne kushuka chini, pamoja na wasiosoma kabisa, 22.

Alama ya katikati maana yake nusu ya watu wako hapo au chini ya hapo. Kwa hiyo ukiushika ule mpaka wa 24 na kuutumia kwa kila mtu, zaidi ya nusu ya watu waliosoma kidogo wanaondoka mezani kwako na alama ya mgonjwa, wakati wengi wao wanaendesha nyumba zao, wanalea wajukuu, na wanakumbuka nani anawadai na wao wanamdai nani. Upande wa pili, profesa mstaafu aliyekuwa na uwezo wa kupata 30 bila kutoa jasho anaweza kuporomoka hadi 26, na sisi tukamwambia mkewe aende nyumbani kwa amani. Mpaka mmoja, makosa mawili, na yote mawili yanaumiza watu.

Ndiyo maana nina swali moja tu ambalo ningependa mtoke nalo humu ndani. Kila mtakapoona alama ya mtu, kabla hamjauliza ni kubwa au ndogo, ulizeni: analinganishwa na nani?

Swali hili lilianza kudharauliwa mapema sana. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili mjini Paris. Shabaha ilikuwa ndogo na ya heri: kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa ziada shuleni ili wapewe. Binet mwenyewe alikataa katakata wazo kwamba alama ya mtoto ni kiasi cha akili kisichobadilika, na alisema hadharani kwamba akili inaweza kulelewa ikakua. Miaka michache tu baadaye kipimo kilivuka bahari. Mwanasaikolojia Henry Goddard, aliyekipeleka Marekani, aliwatuma wasaidizi wake mwaka 1913 kuwapima wahamiaji waliokuwa wakiteremka kwenye meli pale Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York. Ripoti yake ya 1917 ilidai kwamba karibu wanne kati ya kila watano wa Wayahudi, Wahungari, Waitaliano na Warusi waliopimwa walikuwa na akili pungufu.

Fikirieni hali ya wale watu. Wametoka kwenye safari ndefu baharini katika daraja la chini kabisa, wengine hawajawahi kushika kalamu, wanaulizwa maswali kupitia mkalimani, mbele ya mtu mwenye mamlaka ambaye hawajui atawafanya nini. Kisha majibu yao yanawekwa kwenye mizani iliyotengenezwa kwa watoto wa shule wa nchi nyingine. Walilinganishwa na nani? Hakuna aliyeuliza.

Au tuseme, yupo aliyeuliza. Palepale Ellis Island alikuwepo daktari mmoja, Howard Knox, ambaye aliona wazi kwamba maswali ya maneno yanawaonea wageni. Akabuni jambo jepesi: vipande vinne vya mbao vyenye umbo la mchemraba vinapangwa mstari, mpimaji anavigonga kwa kipande kingine kwa mfuatano fulani, na anayepimwa anagonga vilevile. Mifuatano inaanza kwa urahisi na kurefuka. Haihitaji kusoma, haihitaji lugha zaidi ya ishara ya mkono. Alikichapisha kipimo hicho mwaka 1914, na vizazi vyake bado vimo kwenye masanduku yetu ya vipimo. Namheshimu sana Knox. Alikuwa kwenye jengo lilelile, akiwaangalia watu walewale, na tofauti yake na wenzake ni kwamba alianza kukishuku kifaa kabla ya kumshuku mtu.

Lakini msidhani kwamba ukishaondoa maneno umeondoa upendeleo. Hili ni kosa ambalo bado linafanywa leo na watu wenye nia njema. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani lilipima wanaume takriban milioni 1.7, na kwa wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza liliandaa kipimo cha picha kilichoitwa Army Beta. Picha zilikuwa na kitu kilichokosekana, nawe ulitakiwa ukichore. Vizuri. Ila moja ya picha ilikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu, na nyingine gramafoni isiyo na pembe lake la kutolea sauti. Mtu ambaye hajawahi kuiona gramafoni atajuaje kwamba hii ina upungufu? Picha nayo ina lugha yake. Tena ngoja niliseme hili vizuri, maana hapa ndipo penye utajiri wa somo letu.

Watafiti wa Ureno, akina Alexandra Reis na Alexandre Castro-Caldas, walifanya kazi nyingi na watu wazima ambao hawakuwahi kwenda shule, wakiwalinganisha na watu wa jamii hiyohiyo waliosoma. Hii ndiyo namna safi ya kulinganisha: jamii ileile, maisha yanayofanana, tofauti kubwa ni shule. Walipowaonyesha vitu halisi na kuwaomba wavitaje, wasiosoma hawakuwa nyuma. Walipowaonyesha vitu vilevile kama michoro ya mistari mieusi juu ya karatasi nyeupe, wasiosoma walishindwa zaidi na walichukua muda mrefu zaidi. Kitu ni kilekile, jina ni lilelile, kumbukumbu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mchoro wa mistari unataka jicho lililozoea karatasi, na jicho hilo hufundishwa darasani bila hata mwalimu kujua kwamba anafundisha.

Wakaenda mbali zaidi. Kuna jaribio tunalolipenda sote: taja majina ya wanyama mengi uwezavyo ndani ya dakika moja. Wasiosoma walitaja wachache kuliko waliosoma. Haya, mtu angeandika, ufasaha wa maneno umepungua. Lakini walipoombwa kutaja vyakula vinavyonunuliwa supamaketi, tofauti ile ilifutika. Orodha ya wanyama hujengwa shuleni, kwenye vitabu na mabango ya ukutani. Orodha ya vyakula vya kununua hujengwa na kila mtu anayeendesha nyumba. Dakika ni ileile, kazi ya ubongo ni ileile ya kupekua ghala la maneno, na bado jina la ghala linaamua nani aonekane mzima na nani aonekane mgonjwa.

Ndugu zangu, ninaposoma matokeo kama haya nafikiria faili ngapi zimefungwa kwa sababu ya wanyama.

Kabla ya Wareno, wengine walikuwa wameliona jambo hili kwa upande wa kufikiri. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alisafiri kwenda Uzbekistan na Kirgizia mwaka 1931 na 1932. Aliwapa wanakijiji fumbo la mantiki: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wa wasiosoma walikataa kujibu kwa namna aliyoitaka. Hawajafika huko, walisema, na mtu husema alichokiona, kawaulize waliofika. Unaweza kuandika kwamba hawana mantiki. Mimi naona watu wenye msimamo mkali kuhusu ushahidi. Kilichowapungukia ni mazoea ya kukubali, kwa muda wa swali tu, habari iliyotolewa na mgeni asiyejulikana, na mazoea hayo ndiyo mtoto wa shule anayopewa kila siku kwenye hesabu za mafumbo.

Na Liberia, miaka ya 1960, mwanasaikolojia Michael Cole na wenzake walikuwa wakiwapa watu wa jamii ya Wakpelle vitu mbalimbali, vyakula, vyombo na zana, wavipange katika mafungu yanayostahili kukaa pamoja. Wapimaji walitarajia vyakula viende na vyakula, zana na zana. Waliopimwa waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu ndicho kinachokata chungwa, na wakaeleza kwamba mtu mwenye busara hupanga hivyo. Mwishowe mpimaji akauliza: mpumbavu angevipangaje? Papo hapo mafungu yakatokea: vyakula huku, zana kule, kila kitu kama kitabu kinavyotaka. Uwezo ulikuwepo tangu mwanzo. Walichokuwa wakitofautiana ni kuhusu jibu gani ni la mtu mwenye akili, na swali hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye fomu.

Kwa watoto mambo ni yaleyale. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kazi ya kunakili umbo, na matokeo yake ya 1979 yanapaswa kufundishwa mwaka wa kwanza. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa kukunja waya, ambao watoto wa Zambia walikuwa wakiuchezea kutengeneza magari, watoto wa Zambia walifanya vizuri zaidi. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili waliuzoea, hawakutofautiana. Ukimpa mtafiti mvivu jaribio la kwanza pekee, atakuandikia kitabu kizima kuhusu upungufu wa watoto wa Lusaka.

Na Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto maarifa ya dawa za mitishamba: hii inatibu nini, inatumikaje. Watoto wale walijua mengi, na maarifa hayo yanawasaidia katika maisha ambapo minyoo na homa ni jambo la kila wiki. Lakini kadiri mtoto alivyokuwa mahiri katika dawa, ndivyo alama zake za msamiati wa shule zilivyoelekea kuwa chini. Wazazi na watoto wanapanga muda wao na juhudi zao pale wanapoona faida. Kipimo kimoja kingewaita walewale wenye akili, kingine kingewaita wazito.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, maana kulalamika peke yake hakumsaidii mgonjwa.

Chukueni mfano wa bibi wa miaka 78 ambaye hakuwahi kukaa darasani. Familia imemleta kwa sababu anasahau. Unampa penseli na kumwonyesha zile pembetano mbili. Usiangalie karatasi, angalia mkono. Penseli ameishika kwa ngumi, ncha inakwaruza, mstari wa kwanza unapinda na kutoka nje ya ukingo. Anatabasamu kwa haya, anakurudishia penseli: "Hizi si kazi zangu, mwanangu." Ukiandika sifuri hapo, umepima miaka ambayo hakupelekwa shule. Kuhusu ubongo wake hujajua lolote.

Sasa mwondolee penseli. Panga njiti za kiberiti mezani katika umbo fulani, mpe za kwake, mwambie: "Bibi, naomba uzipange kama hizi zangu." Vidole vinajua njiti. Anaigeuza moja, anainamisha kichwa kuona vile vichwa vyekundu vimeelekea wapi, anarekebisha. Akifaulu, umejua jambo la maana kuhusu namna anavyouona mpangilio wa vitu. Na akishindwa, akazirundika pamoja, au akaendelea kuzipachika juu ya zako bila kuona kosa, hapo napo umejua jambo la maana, tena lenye uzito, kwa sababu kizuizi cha penseli hakipo tena.

Hii si ndoto yangu. Kipimo kifupi cha IDEA, kilichotengenezwa katika wilaya ya Hai nchini Tanzania kwa ajili ya kuchunguza dimensia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa akili, kwa wazee, kinatumia njiti za kiberiti kwa sababu hiyo hiyo. Kule Kimberley, kaskazini-magharibi ya Australia, wenyeji asilia wa nchi hiyo walitengenezewa kipimo chao, KICA, kwa kushirikiana na jamii yenyewe, na humo mzee anashika vitu halisi mkononi badala ya kutazama michoro. Na RUDAS, nayo ya Australia, iliundwa tangu mwanzo kwa ajili ya miji yenye watu wa lugha nyingi. MoCA, ambayo wengi wenu mnaitumia, ilitolewa Montreal mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake, na inampa nyongeza ya alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Nawaambieni wazi: alama moja haitoshi. Kuna umbali mkubwa kati ya aliyesoma miaka kumi na aliyesoma miwili, na kuwapa wote wawili alama ileile moja ni kuwasahau walio chini. Watengenezaji wenyewe walikuja kutoa toleo la msingi kwa wasiosoma, nalo ndilo la kuchukua.

Bado, hata kipimo bora kinampiga mtu picha ya siku moja. Dimensia ni badiliko, ni mtu kushuka kutoka pale alipokuwa. Kwa hiyo mtu bora wa kumlinganisha bibi yule ni bibi mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita, na habari za huyo anazo aliyeishi naye. Hugh Hendrie, Kathleen Hall na wenzao walilielewa hili walipotengeneza kipimo cha CSI-D, kilichoanzia kwa Wacree, wenyeji asilia wa Canada, na baadaye kikatumika kuwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Nusu ya kipimo ni maswali kwa mzee. Nusu ni mazungumzo na ndugu. Mradi wa 10/66 ulichukua njia hiyo na kuijaribu katika vituo 25 vya Asia, Amerika ya Kilatini na Afrika, ukachapisha matokeo mwaka 2003. Jina lake ni shutuma: wakati ule theluthi mbili ya watu wenye dimensia, yaani asilimia 66, waliishi katika nchi zinazoendelea, na chini ya asilimia 10 ya utafiti wa jamii ndiyo iliyowahusu.

Mkikaa na ndugu, msimuulize "mzee anasahau?" Kila mzee anasahau. Ulizeni kwa vitendo na kwa wakati. Kazi aliyokuwa akiifanya peke yake mwaka juzi, leo anaifanya nani? Amewahi kupotea kwenye njia anayoijua? Anarudia jioni hadithi aliyoisimulia asubuhi, kana kwamba ni mpya? Akipewa fedha za kugawa, hesabu inatimia? Na mjue kwamba ndugu naye ana macho yake. Yupo anayemficha mzee wake kwa heshima, yupo anayetaka mzee aonekane hawezi ili asimamie mali, na zipo nyumba ambamo mzee hafanyi kazi yoyote kwa sababu watu wanamfanyia kila kitu, hivyo kushuka kwake hakuonekani mpaka kumekuwa kukubwa. Ukiweza kupata ndugu wawili, zungumza na kila mmoja peke yake.

Kuna watakaosema, basi tutengeneze viwango tofauti kwa kila kundi, na kila mtu alinganishwe na wa kwao. Kwa elimu, umri na lugha, nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kwa rangi ya ngozi, sikubaliani hata kidogo. Mnakumbuka yaliyotokea Marekani katika fidia ya wachezaji wa zamani wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walioumia ubongo. Viwango vilivyotumika vilichukulia kwamba wachezaji weusi walianza na uwezo wa chini, kwa hiyo mchezaji mweusi alipaswa kuwa na alama za chini kuliko mwenzake mweupe ndipo alipwe. Wachezaji wawili wa zamani walifungua kesi mwaka 2020, na mwaka uliofuata ligi ikaahidi kuachana na utaratibu huo. Rangi iliwekwa pale kusimama badala ya mambo ambayo wapimaji hawakujishughulisha kuyauliza: ulisoma shule gani, kwa muda gani, kwa lugha gani, uliishi katika hali gani. Yaulizeni hayo. Yana majibu.

Hata elimu ina mtego wake, nami sitaki kuwaficha. Kusoma kidogo kunashusha alama za mtu mzima, kweli. Lakini elimu ndogo pia imo katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya kupata dimensia, kama tume ya jarida la Lancet ilivyoeleza mwaka 2017 na kurudia 2020 na 2024. Ukizidisha marekebisho unaweza kumwambia mgonjwa wa kweli kwamba alama zake ni za kawaida kwa watu kama yeye. Sijaona fomula inayoumaliza mgogoro huu, na anayewauzia moja awaeleze kwanza ilijaribiwa kwa nani. Ndiyo maana nasisitiza habari za ndugu na kurudia kipimo: vyote viwili vinamlinganisha mtu na nafsi yake.

Viwango pia vinazeeka. Mtafiti James Flynn alionyesha mwaka 1984 kwamba Wamarekani walikuwa wakipanda takriban alama tatu za IQ, yaani kipimo cha akili ambacho wastani wake ni 100, kila miaka kumi, na baadaye akaona mwelekeo huo katika nchi nyingine nyingi. Anayepimwa leo kwa jedwali la miaka thelathini iliyopita anaonekana juu kuliko alivyo. Nchini Marekani jambo hilo ni la kufa na kupona: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya 2002 katika kesi ya Atkins, mtu mwenye ulemavu wa akili hawezi kuuawa kwa adhabu ya kifo, na alama chache kuzunguka 70 zinaweza kuamua kama mtu ataishi. Angalieni mwaka uliochapishwa kwenye jalada la kipimo chenu.

Nizungumzie lugha kwa ufupi. Mpime mtu kwa lugha anayoiotea ndoto, siyo anayoijua vya kutosha kujibu salamu. Hata kurudia tarakimu, jaribio linaloonekana kuwa namba tupu, huathiriwa: mwaka 1980 watafiti Ellis na Hennelly walionyesha kwamba watu wanaozungumza Kiwelisi na Kiingereza walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, na wakaeleza kwamba ni kwa sababu tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Na tafadhali, mjukuu asiwe mkalimani. Mjukuu anampenda bibi. Utamtajia bibi maneno matatu, na wakati wa kuyakumbuka utasikia mjukuu anaongeza kitu chini chini, "lile la mti, bibi, la mti." Bibi atapata, na wewe utakuwa umepima mapenzi yao.

Masikio na macho. Anayepimwa aje na miwani yake na kifaa chake cha kusikia, kiwe na betri. Mtu asiyesikia neno hawezi kulikumbuka. Kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, tafuteni mpimaji anayeijua lugha hiyo, kwa sababu kuandikiana maswali kwenye karatasi ni kumpima kwa lugha ya pili. Na kabla ya yote, homa, maambukizi, dawa za usingizi, hitilafu ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona: haya hushusha akili ya mtu kwa muda, na mengi yanatibika. Mzee aliyebadilika ndani ya siku tatu ni mgonjwa wa dharura. Huyo hahitaji pembetano, anahitaji daktari.

La mwisho ni ripoti, maana ripoti inabaki kwenye faili baada ya sisi kusahau sura ya mtu. Nimesoma ripoti nyingi zinazosema "uwezo wa akili ni duni, 19 kati ya 30," nukta. Hiyo si taarifa. Andikeni hivi: alipimwa kwa lugha gani, nani alitafsiri, amesoma miaka mingapi, alikuwa na miwani au hakuwa nayo, alilala usiku wa jana au hakulala. Andikeni alichokiweza na jinsi alivyokikosa alichokikosa, kwa sababu aliyekataa kuandika sentensi kwa kuwa hajui kuandika si sawa na aliyeandika maneno yasiyoungana. Andikeni ndugu alisema nini. Andikeni jina la kundi mlilomlinganisha nalo na mwaka wa viwango vyake. Kisha panga tarehe ya kumwona tena baada ya miezi sita au mwaka, kwa toleo jingine la kipimo hicho ili asije akajibu kwa kuyakumbuka maswali ya mara ya kwanza, na mpimaji awe yuleyule ikiwezekana, saa zilezile za siku.

Nawashukuru. Mwenyekiti, kama muda unaruhusu, ningependa tuanze na maswali ya wale walioko kwenye wodi na madarasani.